Kesi ya madai baada ya kipigo cha ndoa: mwongozo kamili kwa wanawake wa Tanga, hatua kwa hatua

Nauandika mwongozo huu kwa sababu kosa linalowaangusha wanawake ni lilelile, mwaka baada ya mwaka. Mama anatoka Makorora au Mabawa. Amepigwa miaka minne, amejikaza, amefika mahakamani, na kesi yake inaondolewa kabla hakimu hajasikia neno hata moja kuhusu kipigo. Hati ya baraza la usuluhishi wa ndoa, ambayo kesi ya talaka huihitaji, ilitoka kata isiyohusika. Au imepitwa na muda. Au hakufika barazani kabisa, akidhani kikao cha wajomba na mashangazi kimetosha. Anarudi nyumbani, mara nyingi kwenye nyumba ileile, na mume anamuuliza: "Haya, umepata nini?"

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Tanga mjini. Ninachoeleza ni upande wa madai: talaka, kutengana, matunzo, watoto, mali, zuio la kubughudhiwa, na fidia. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri dhidi ya aliyekupiga. Hiyo inaendeshwa na Serikali na wewe ni shahidi. Kesi ya madai ni yako mwenyewe. Unaweza kuwa nazo zote mbili kwa wakati mmoja. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara. Aliyeko Unguja au Pemba afuate za Zanzibar.

Jambo moja ulishike kabla ya yote. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata mila iseme nini. Utakutana na watu watakaokuambia vinginevyo, wengine wakiwa na mhuri mkononi. Wajibu kwa kifungu hicho.

## Kama leo hauko salama, acha kusoma

Toka kwanza. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Ukiwa na mtoto aliye hatarini, 116 ni namba ya huduma kwa mtoto na haikati salio. Kwenye kituo cha polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, usieleze mambo yako kaunta mbele ya kila anayepita.

Ukiwa umeumia vibaya, hospitali ndiyo ya kwanza, iwe Bombo au kituo cha afya kilicho karibu. PF3, fomu ya polisi anayoijaza daktari, itafuata. Kama umeingiliwa kwa nguvu, usioge, usifue nguo ulizovaa, na ufike hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazisaidii zikianzwa baada ya hapo.

## Vitu vya kukusanya kwanza

Usianze safari ya mahakamani mikono mitupu. Kusanya hivi kidogokidogo, na usivihifadhi nyumbani. Vipeleke kwa dada, kwa somo wako, au kwa rafiki ambaye mumeo hamjui.

- Cheti cha ndoa, au nakala yake. Kama ndoa ilifungwa msikitini na hukupewa cheti, tafuta sheikh aliyeifungisha na mashahidi wawili waliokuwapo.
- Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, au kadi zao za kliniki.
- Kitambulisho cha NIDA, au barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa.
- Nakala ya PF3, kadi ya hospitali, na namba ya RB (ya taarifa yako) uliyopewa polisi.
- Simu yenye picha za majeraha na meseji za vitisho.
- Ushahidi wa mali: hati au mkataba wa kiwanja, risiti za saruji na mabati, meseji za kutuma pesa, daftari la kikoba.
- Majina na namba za mashahidi wawili au watatu waliosikia, waliokuona umeumia, au waliokupokea usiku.
- Daftari la shule la kurasa 48.

Hilo la mwisho msilidharau. Nitalieleza sasa hivi.

## Hatua ya 1: Andika tarehe, tunza ushahidi

Mahakama haiamui kwa uchungu ulioubeba. Inaamua kwa siku, mahali, kitendo na shahidi. Mwanamke akisimama kizimbani na kusema "ananipiga kila siku", wakili wa upande wa pili atamuuliza: "Jumanne iliyopita alikupiga?" Akisita tu, ameshaonekana hasemi kweli.

Kwa hiyo chukua lile daftari. Kwa kila tukio unalolikumbuka andika siku au hata mwezi, mlikuwa wapi, alifanya nini na kwa kitu gani, uliumia wapi, nani alijua. Kama hukumbuki tarehe, andika alama: "wiki ya pili ya Ramadhani", "siku ile mvua ilipojaza maji Barabara ya 12". Alama ya namna hiyo shahidi naye ataikumbuka.

PF3 ipige nakala kabla haijaingia kwenye jalada la polisi. Hata kama hukutaka kumshtaki, hata kama mama mkwe alikuja kituoni akalia mkayamaliza, ile nakala ibaki kwako. Ni ushahidi wa daktari, na miaka miwili baadaye itakufaa kuliko mashahidi watano.

Picha na meseji usizifute kwenye simu hata baada ya kuzitoa kwenye karatasi. Mahakama inataka kujua zilipigwa na simu gani na zimetunzwaje. Simu ikiharibika itunze hivyohivyo, usiiuze.

Utajua hatua hii imekamilika pale unapoweza kutaja matukio matatu kwa tarehe au alama, na walau moja lina karatasi ya hospitali au mtu aliyeona.

## Hatua ya 2: Amua unadai nini

Wengi hudhani mlango ni mmoja, talaka. Wanaposikia talaka inataka baraza, na mume amekataa kwenda barazani, wanakaa miaka na njaa. Hapa sheria ina nafasi kubwa kuliko tunavyoambiwa mitaani.

Matunzo bila talaka. Mume aliyekataa kukuhudumia au aliyekutelekeza anaweza kuamriwa na mahakama atoe matunzo ndoa ikiwa bado ipo. Kifungu cha 115 cha Sheria ya Ndoa kinaruhusu. Hapa huhitaji hati ya baraza.

Matunzo ya mtoto. Haya yanadaiwa chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, uwe umeolewa au hujaolewa. Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri anaweza kukusaidia kupeleka maombi Mahakama ya Watoto. Baraza la ndoa halihusiki.

Kutengana kwa amri ya mahakama. Ndoa inabaki, ila hulazimiki kuishi naye. Inawafaa ambao dini au nafsi haiwaruhusu talaka, na pia walioolewa chini ya miaka miwili. Ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili haifunguliwi madai ya talaka mpaka mahakama ikupe ruhusa kwa kuonyesha mateso yasiyo ya kawaida. Kutengana hakuna kizuizi hicho.

Talaka. Sheria inataka uonyeshe ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ukatili, wa mwili au wa akili, umetajwa katika kifungu cha 107 kama ushahidi wa kuvunjika huko. Hii ndiyo inayohitaji baraza.

Fidia ya kuumizwa. Sheria ya Ndoa inasema mume na mke wanawajibika kwa madhara waliyotendeana sawa na watu wasiooana. Meno yaliyong'oka, mkono uliovunjika, gharama za matibabu, siku ulizoshindwa kwenda kuuza samaki, vyote vinaweza kudaiwa. Kesi ya namna hii hufunguliwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, na muda wake ni miaka 3 tangu tukio. Huku usiende peke yako, tafuta mwanasheria.

### Mlioishi pamoja bila kufunga ndoa

Mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, jirani na ndugu wakiwatambua kama mke na mume, sheria inachukulia kuwa wameoana mpaka upande mmoja uthibitishe vinginevyo. Hata akifaulu kuthibitisha, kifungu cha 160 bado kinakupa njia ya kuomba matunzo yako na ya watoto, na nafuu nyingine. Asikutishe mtu kwa neno "hawara".

### Aliyepewa talaka ya mdomo au ya karatasi

Hapa Tanga hili ni kubwa, naomba lisomwe taratibu. Mume ametamka talaka, au sheikh wa mtaa ameandika karatasi. Kidini una eda yako na taratibu zako, na sizigusi. Lakini kwa mahakama, karatasi hiyo peke yake haigawi nyumba wala haikupi matunzo. Kifungu cha 107 kinasema kwa ndoa ya Kiislamu, mgogoro ukishapita barazani na baraza likathibitisha limeshindwa kusuluhisha, kisha ikatolewa talaka kwa sheria ya Kiislamu, mahakama itatamka kwamba ndoa imevunjika na kutoa amri ya talaka. Tazama mpangilio: baraza, talaka, mahakama. Ukishapewa talaka kabla ya baraza, bado nenda barazani uchukue hati, ndipo ufungue kesi.

Hatua ya pili imekamilika ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Nadai kutengana, matunzo ya watoto watatu na nyumba." Andika sentensi hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari.

## Hatua ya 3: Baraza la usuluhishi wa ndoa

Hapa ndipo kesi nyingi zinapokufa, kwa hiyo tukae.

Kikao cha wazee si baraza. Wajomba, mashangazi, kungwi na wazee wa pande mbili wana nafasi yao na wengine wameokoa maisha ya watu, ila hawawezi kutoa hati inayokubalika mahakamani. Dawati la Jinsia nalo si baraza. Ustawi wa Jamii nao hali kadhalika. Barua zao ni ushahidi mzuri, nazo zitunze, lakini hazichukui nafasi ya hati.

Baraza linalotambulika ni lile lililoundwa kwa ajili ya kata, au la jumuiya lililopewa mamlaka hayo, kama baadhi ya mabaraza ya BAKWATA na ya makanisa. Lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili. Ukikuta mtu mmoja mezani anakuandikia karatasi, hiyo itakurudisha.

### Kata ipi?

Kwa mujibu wa kifungu cha 103, baraza lenye mamlaka ni la kata anakoishi mume. Kama wote wawili ni wa jumuiya moja yenye baraza lake, baraza hilo nalo lina mamlaka. Mke aliyekimbia kutoka Pongwe akahamia kwa mama yake Chumbageni huenda baraza la Chumbageni kwa kuwa ndilo la karibu, anapewa hati, na mahakamani mume anasimama na kusema: "Mimi naishi Pongwe." Kama mume yuko nje ya Tanzania, hapo ndipo kata yako wewe inapohusika.

Najua maana yake. Sheria inamrudisha mwanamke kwenye kata aliyoikimbia. Naona hilo ni kosa la sheria na nalisema kila ninapopata nafasi. Mpaka libadilishwe, jilinde hivi: mweleze katibu wa baraza kabla ya siku ya kikao kwamba kuna historia ya kipigo. Omba ukae mbali naye na uondoke kwanza. Nenda na kaka au shangazi. Wakili haruhusiwi kukutetea pale, lakini mtu wa familia yako anaweza kukuwakilisha. Njia ya kwenda na kurudi panga mwenyewe, na bodaboda awe mtu unayemjua.

### Ndani ya kikao

Baraza litawaita wote wawili na kumsikiliza kila mmoja. Kazi yake ni kusuluhisha, kwa hiyo utaombwa usamehe. Huenda ukaombwa na watu unaowaheshimu, tena kwa maneno mazito ya dini. Sikiliza kwa adabu, kisha jibu kwa kifupi: "Nimewasikia wazee wangu. Siko tayari kurudi. Naomba mwandike hivyo."

Usuluhishi ni hiari. Ukisaini karatasi ya makubaliano kwamba hatarudia, baraza litahesabu limefanikiwa, na hati hutapata. Akikupiga tena unaanza upya. Usisaini chochote ambacho hujakisoma mpaka mstari wa mwisho, na kama hujui kusoma, mtu wako akusomee kwa sauti mbele yao.

### Mume asipokuja

Baraza halilazimiki kusubiri milele. Aliyekaidi wito kwa makusudi ametajwa na kifungu cha 101 kati ya hali ambazo talaka inaweza kudaiwa bila kupitia baraza. Ila lazima uonyeshe aliitwa. Kwa hiyo omba nakala ya kila wito wenye tarehe, na jina la aliyeupeleka. Wito mmoja uliopita kwa mtoto mdogo hautoshi.

Kifungu hichohicho kinaruhusu kuruka baraza pia kwa mume aliyetelekeza familia na hajulikani alipo, aliye nje ya nchi na haelekei kurudi ndani ya miezi 6, aliyefungwa miaka 5 au zaidi, na hali za kipekee ambazo mahakama itaridhika kwamba baraza haliwezekani. Kipigo cha kutishia uhai kinaweza kujengewa hoja katika hili la mwisho. Usiliegemee bila mwanasheria, kwa sababu hakimu asiporidhika umepoteza miezi.

### Hati yenyewe

Baraza likishindwa, linatoa hati. Makarani wengi wanaiita Fomu Na. 3. Kabla hujaondoka na karatasi hiyo, iangalie palepale:

1. Majina yenu yanafanana na ya cheti cha ndoa. "Mwanahamisi" isiwe "Hamisi".
2. Imeandikwa kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha, na limeona nini. "Wanandoa wamefika ofisini" si matokeo.
3. Ina tarehe, saini ya mwenyekiti na mhuri.
4. Baraza na kata vimetajwa.

Hati hii ina uhai wa miezi 6. Kesi ikifunguliwa baada ya hapo, hati haifai. Nimewaona wanawake walioiweka chini ya godoro mwaka mzima wakisubiri mtoto amalize darasa la saba. Kama hujawa tayari kufungua kesi, usiombe hati bado.

Wala usidhani kasoro ya hati itapita bila kuonekana. Mahakama ya Rufani imeshafuta mwenendo mzima wa kesi ya talaka, kuanzia mahakama ya chini kabisa, kwa sababu ya hati ya baraza tu. Miaka ya watu ilikwenda hivyo.

Umefaulu ukiwa na hati yenye mambo hayo manne, imepigwa nakala tatu, na umehesabu kwenye kalenda siku itakayokufa.

## Hatua ya 4: Kufungua kesi

Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu zote zina mamlaka ya mashauri ya ndoa. Kwa wengi wetu naona Mahakama ya Mwanzo inatosha: iko karibu, ada ni ndogo, na taratibu zake mtu wa kawaida anaziweza. Kama kuna nyumba mbili, shamba Muheza na gari, au unajua ataleta wakili mkali, fikiria Mahakama ya Wilaya ukiwa na msaada wa mwanasheria. Lugha isikutishe, tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu.

Msaada wa kisheria upo, na kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 msaidizi wa kisheria haruhusiwi kukutoza. Akikuomba "ya soda", muache. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, kina ofisi hapa Tanga. Ofisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri naye anawajua wasaidizi wa kisheria walio karibu nawe. Kama ada ya mahakama huna, mwombe karani akueleze namna ya kuomba msamaha wa ada kwa maandishi. Ukiwa nayo, lipia kwa namba ya malipo ya Serikali na utunze risiti, usimpe mtu pesa mkononi.

Madai yako yaeleze: ndoa ilifungwa lini na wapi, kwa taratibu gani, watoto, majina na umri, mlikoishi, matukio ya ukatili, kwamba mgogoro ulifika barazani, mali mlizochuma, na unachoomba. Sehemu ya matukio iandikwe kutoka kwenye daftari lako. Linganisha hizi mbili:

Dhaifu: "Mdaiwa amekuwa akininyanyasa sana kwa muda mrefu."

Imara: "Usiku wa Idi Pili mwaka jana, nyumbani Mikanjuni, mdaiwa alinipiga kwa mkanda mgongoni na kunivunja kidole. Jirani wa chumba cha mbele alinifungulia mlango. Nilitibiwa Bombo, nakala ya PF3 imeambatishwa."

Kisha omba vyote kwa pamoja. Wengi huandika "naomba talaka" basi, wakidhani mengine yatakuja yenyewe. Hakimu hutoa kilichoombwa. Andika moja moja: talaka au kutengana; kukaa na watoto; matunzo ya watoto kwa mwezi, kwa kiasi ulichopiga hesabu; matunzo yako; mgawanyo wa mali ulizozitaja kwa jina; amri ya kumzuia asikubughudhi; gharama za kesi.

Utajua kesi imepokelewa ukiwa na namba ya shauri, tarehe ya kutajwa, na nakala ya madai iliyogongwa mhuri.

## Hatua ya 5: Ulinzi wakati kesi inaendelea

Hatujawa na sheria maalumu ya ukatili wa majumbani inayompa mwanamke amri ya ulinzi siku hiyohiyo, bila kesi nyingine. Tunaidai. Tulichonacho ni kifungu cha 138 cha Sheria ya Ndoa: shauri la ndoa likiwa mahakamani, au baada ya talaka au kutengana, mahakama inaweza kumwamuru mtu aache kujilazimisha kwa mwenzi wake na aache kumbughudhi kwa namna yoyote. Ndiyo sababu nasisitiza kufungua kesi mapema.

Peleka maombi haya siku moja na madai. Taja anachofanya: anakufuata Soko la Mgandini unapouza, anapiga simu usiku, anawasubiri watoto getini shuleni. Amri ikitoka, nakala moja ipeleke Dawati la Jinsia, nyingine kwa mwenyekiti wa mtaa, nyingine itembee nawe kwenye pochi. Akiikiuka, rudi mahakamani na polisi siku hiyohiyo. Kukaidi amri halali ya mahakama ni kosa.

Nyumba nayo ilindwe sasa. Kifungu cha 59 kinamzuia mume kuuza, kupangisha, kuweka rehani au kumpa mtu nyumba ya ndoa bila ridhaa yako, na kinakupa haki ya kuweka zuio kwenye hati. Nenda ofisi ya ardhi ukaulize namna ya kuliandikisha. Kwa nyumba isiyo na hati, waandikie barua mwenyekiti wa mtaa na mtendaji kwamba kuna shauri mahakamani, na wakugongee mhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Wao ndio wanaoshuhudia mauziano ya mitaani.

Omba pia matunzo ya muda. Mahakama inaweza kuyaamuru kesi ikiwa bado inaendelea.

## Hatua ya 6: Siku ya kusikilizwa

Fika saa mbili kamili asubuhi. Usipofika bila taarifa, kesi inaweza kufutwa. Ukiumwa, mtume mtu na karatasi ya hospitali. Sema uliyoyaona na uliyotendewa, uliyoambiwa na watu waache waje waseme wenyewe. Ukiulizwa swali usilolielewa, mwambie hakimu hujaelewa. Kulia si kosa. Omba maji, pumzika, endelea.

Kuhusu mali, utaulizwa: "Ulichangia nini?" Usijibu "mimi ni mama wa nyumbani tu". Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi inayojulikana kwa mawakili wote kama ya Bi Hawa Mohamed, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Kifungu cha 114 kinataja mchango wa pesa, mali au kazi. Kwa hiyo sema: nimepika, nimelea watoto wanne, nimemuuguza, nimewapikia mafundi siku 40 wakati wa ujenzi, kikoba changu kilinunua mabati. Mlete fundi. Lete daftari la kikoba. Hata nyumba aliyoikuta ya urithi, kama mliiendeleza kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa, inaingia kwenye hesabu.

Kuhusu watoto, kipimo ni maslahi ya mtoto. Aliye chini ya miaka 7 sheria inadhani ni heri akae na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa. Mtoto mwenye uwezo wa kueleza anachotaka anaweza kusikilizwa. Msimfundishe maneno. Hakimu anatambua, na mtoto anabaki na mzigo.

## Hatua ya 7: Baada ya hukumu

Siku ileile ya hukumu fanya mambo mawili: omba nakala ya hukumu na ya amri, na muulize karani mwisho wa kukata rufaa ni tarehe ngapi kwa kesi yako. Iandike. Kuchelewa hata siku moja kunakulazimu kuomba ruhusa kwanza.

Talaka ikishatoka, ulizia RITA, wakala wa Serikali wa usajili, kuhusu kuisajili, hasa kama unafikiria kuolewa tena.

Hukumu haijitekelezi. Asipolipa, unarudi mahakama ileile kuomba kukazia hukumu. Akiwa na ajira, kiwandani au serikalini, mahakama inaweza kuamuru sehemu ya mshahara ikatwe, kwa hiyo jua jina kamili la mwajiri. Akiwa mvuvi au bodaboda ni vigumu zaidi. Hapo taja mali inayoonekana, kama chombo, injini ya boti, pikipiki na namba yake. Maisha yakibadilika, ada za shule zikapanda au mtoto akaugua, unaweza kuomba kiasi cha matunzo kirekebishwe bila kufungua kesi mpya ya ndoa.

Lile daftari bado lina kurasa. Anzisha ukurasa wa malipo: mwezi, kiasi kilichoamriwa, kilicholetwa, kimeletwa kwa njia gani. Mwambie atume kwa simu, asikupe mkononi, ili meseji ibaki. Mwezi wa kwanza atakaoruka, usingoje wa tatu. Nenda kwa karani wiki hiyohiyo ukiwa na ukurasa huo na nakala ya amri.